Barafu ya bahari: kwa nini Kaskazini na Kusini hazikwenda njia moja, na sisi wa Pwani yatuhusu nini

Mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, dunia hutangaziwa habari za barafu ya bahari kwenye ncha zake mbili. Haipiti wiki habari hizo huwa zishafika kwenye simu zetu, na huwa zishagawanyika. Ujumbe mmoja husema barafu yayeyuka na Mombasa na Lamu zitazama watoto wetu wakiona. Ujumbe wa pili husema hayo ni porojo, kwani barafu ya Kusini iliwahi kuongezeka na wataalamu wenyewe wakakiri. Nimeyasikia yote mawili barazani, na wenye kuyasema si wajinga. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli akakiacha kingine.

Makala haya nayaandika yawe ya kuwekwa. Mtoto wa shule akiuliza, au ukiitwa kwenye kikao cha kijiji kujadili ukuta wa bahari na mikoko, uwe na pa kushika. Mimi si mtaalamu wa bahari, lakini mambo haya nimeyafuatilia kwa miaka, na mengi yanaelezeka kwa vitu tulivyo navyo nyumbani.

Barafu mbili tofauti

La kwanza la kujua ni kwamba kuna barafu za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa nusu ya ubishi.

Kuna barafu ya nchi kavu. Hii ni theluji iliyoanguka juu ya ardhi maelfu ya miaka, ikajikusanya na kushindiliwa hadi ikawa mlima. Iko Greenland na iko Antaktika. Ile ya Greenland peke yake ikiyeyuka yote, bahari za dunia zitapanda kiasi cha mita 7. Ya Antaktika ni kubwa zaidi, ina maji ya kuinua bahari kwa karibu mita 58.

Na kuna barafu ya bahari. Hii ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda. Si mlima, ni gamba. Unene wake mara nyingi ni mita moja hadi tatu au nne, na huelea. Kwa kuwa huelea, ikiyeyuka karibu haiongezi kina cha bahari. Tia vipande vya barafu kwenye glasi ya maji, ujaze mpaka ukingoni, kisha ungoje viyeyuke. Glasi haitafurika.

Kwa hiyo anayesema barafu ya bahari ya Kaskazini ikiisha Lamu itazama amekosea barafu. Lakini anayetoka hapo akasema basi haituhusu, naye amekosea. Tutafika huko.

Inavyoganda, na chumvi inavyokwenda

Maji ya mtungi huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, hungoja hadi karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Kwanza hutokea vijisindano vidogo vya barafu, bahari ikawa nzito kama iliyomwagiwa mafuta. Mawimbi huvigonganisha vijisindano hivyo vikawa vidonge vya mviringo vyenye kingo zilizonyanyuka, mfano wa chapati zilizopangwa juu ya maji. Baridi ikizidi, chapati hizo hushikana zikawa jamvi moja.

Wakati wa kuganda, chumvi hukataliwa. Watoto wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mpe mtoto barafu ya ukwaju ya mfuko, atafyonza kwanza ule utamu wa rangi iliyokolea, mwisho abaki na kipande cheupe kisicho ladha. Maji yakiganda husukuma sukari pembeni. Bahari nayo ikiganda husukuma chumvi chini. Maji yanayopokea chumvi hiyo huwa mazito na baridi, kisha huzama. Shikilia jambo hili, kwani kwalo barafu ya Antaktika hufika mpaka kwetu.

Kaskazini: bahari iliyozungukwa na nchi

Aktiki ni bahari iliyozungukwa na mabara. Barafu yake hufikia upana mkubwa mwezi wa Machi, karibu kilomita za mraba milioni 15, kisha hupungua kiangazi chote hadi Septemba.

Vipimo vya uhakika vya ncha zote mbili vilianza mwishoni mwa 1978, setilaiti zilipoanza kupima mawimbi madogo yanayotoka juu ya bahari. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba huona gizani na huona kupitia mawingu, na ncha za dunia zina giza la miezi. Kwa hiyo tunayo kumbukumbu isiyokatika ya zaidi ya miaka 40.

Kumbukumbu hiyo yasema hivi. Wastani wa barafu ya Septemba kati ya 1981 na 2010, ikiwa imefika chini kabisa, ulikuwa karibu kilomita za mraba milioni 6.2. Septemba 2012 ilishuka hadi karibu milioni 3.4, na mpaka 2025 rekodi hiyo haijavunjwa. Tofauti yake ni milioni 2.8, karibu Kenya tano. Tena kufikia 2024, miaka yote kuanzia 2007, jumla yake 18, ilikuwa ndiyo 18 yenye barafu chache zaidi ya Septemba katika kumbukumbu nzima. Machi 2025 hata kilele cha baridi kilikuwa cha chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, milioni 14.33.

Wako wanaosema kwa kuwa 2012 haijavunjwa, basi barafu imepona. Huo ni mfano wa mtu anayesema bei ya unga imeshuka kwa kuwa haijapita ile ya mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote. Mwaka mmoja huamuliwa na upepo na mawingu. Mwenendo huonekana kwa miaka 20 au 30, na mwenendo wa Kaskazini ni wa kushuka.

Barafu imepungua upana, na unene pia. Zamani sehemu kubwa ilikuwa barafu kongwe, iliyopita viangazi kadhaa bila kuyeyuka, nene ya mita 3 au 4. Leo nyingi ni ya mwaka mmoja, mita moja na nusu au mbili. Muulize mvuvi yeyote anayebeba barafu ya samaki. Gogo zima hufika nalo mpaka bandarini, iliyopondwa huisha njiani.

Kanzu nyeupe na buibui jeusi

Kwa nini Aktiki inapata joto upesi kuliko kwingine? Tangu 1979 imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia. Sababu ziko kadhaa, na moja kubwa ni rangi.

Simama juani saa sita ukiwa na kanzu nyeupe, kisha simama na vazi jeusi. Barafu ya bahari hurudisha juu nusu ya mwanga wa jua au zaidi, na ikifunikwa na theluji mpya hurudisha zaidi ya robo tatu. Bahari tupu hurudisha kiasi cha sehemu 6 tu katika 100, nyingine zote huzimeza zikawa joto. Barafu ikiondoka jua hupasha bahari, na bahari yenye joto huchelewesha barafu ya msimu unaofuata. Jambo hujilisha lenyewe.

Lakini kuna jambo jingine linaloivuta nyuma. Barafu nyembamba huganda upesi zaidi wakati wa baridi kuliko nene, kwa kuwa haiwi blanketi zito kati ya maji na hewa baridi. Ndiyo maana wataalamu wa jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, IPCC, katika ripoti yao ya 2021, hawakusema barafu ya kiangazi ikishapita kiwango fulani hairudi tena. Walisema hufuata joto la dunia. Likisimama, nayo itasimama. Ripoti hiyo hiyo yatarajia kwamba kabla ya 2050 Aktiki itafika angalau Septemba moja iliyo karibu tupu, yaani chini ya kilomita za mraba milioni 1.

Bahari inayopasha kutoka chini

Tumezoea kudhani barafu huyeyushwa na jua la juu. Aktiki ina joto pia chini yake. Maji ya Atlantiki, yenye joto na chumvi nyingi, huingia kupitia Bahari ya Barents na karibu na visiwa vya Svalbard. Kwa kuwa ni mazito, huteremka chini ya tabaka la maji baridi yasiyo chumvi nyingi, ambayo mengine huletwa na mito mikubwa ya Siberia. Tabaka hilo ni kama mkeka uliotandikwa kati ya barafu na joto.

Siku hizi upande wa Barents na mashariki yake mkeka huo umechakaa. Maji ya Atlantiki yanakaribia juu, na barafu haipati nafasi ya kuganda hata wakati wa baridi. Pale penye maji wazi upepo hukoroga zaidi, mawimbi hukua, nayo huvunja barafu iliyobaki.

Kwamba barafu hiyo haitulii ilijulikana zamani. Fridtjof Nansen wa Norwei aliiacha meli yake Fram igandishwe makusudi mwaka 1893, akijua mkondo utaibeba, na meli ikatoka upande wa pili mwaka 1896. Aliona barafu haifuati upepo sawasawa bali hukengeuka kulia kwake, na uangalizi huo ukawa msingi wa elimu ya mikondo inayoendeshwa na upepo. Mwaka 2019 hadi 2020 meli ya Ujerumani, Polarstern, ilirudia safari ya namna hiyo ikiwa na wanasayansi wa nchi nyingi. Barafu waliyojifunga nayo iliwafikisha ukingoni upesi kuliko walivyopanga.

Kusini: nchi iliyozungukwa na bahari

Antaktika ni kinyume cha Aktiki. Katikati pana bara, na barafu ya bahari huzunguka nje, bila nchi ya kuizuia kutanuka. Misimu yake nayo ni kinyume. Hufika kilele Septemba, karibu milioni 18 au 19, na hubaki karibu milioni 3 mwezi wa Februari.

Hapa ndipo ule ujumbe wa pili wa simu ulipotoka. Kwa miaka mingi barafu ya Kusini haikupungua. Iliongezeka kidogo kidogo, na Septemba 2014 ilipita milioni 20 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za setilaiti. Modeli za kompyuta zilikuwa zikionyesha kupungua. Wataalamu walitaja upepo uliokuwa ukiisukuma barafu nje, na maji ya juu yasiyo chumvi nyingi, ambayo hulizuia joto la chini lisipande. Walijadiliana waziwazi, na wenye kubeza wakapata la kusema.

Kisha mwaka 2016 ilianguka ghafla, na haijarudi ilikokuwa. Februari 2023 ilibaki milioni 1.79, chini kuliko wakati wowote uliopimwa. Septemba ya mwaka huo kilele chake kilikuwa milioni 16.96, kikipungua kwa karibu milioni 1 kuliko rekodi ya chini iliyotangulia, ya 1986. Hiyo milioni 1 ni zaidi ya Kenya na nusu yake, ya barafu iliyotakiwa kuwepo katikati ya baridi kali na haikuwepo. Februari 2022, 2024 na 2025 nazo zilishuka chini ya milioni 2.

Macho mengi sasa yameelekea chini ya maji. Joto lililojilimbikiza ndani ya Bahari ya Kusini limepanda karibu na uso. Utafiti uliochapishwa 2025 kwa vipimo vya setilaiti umeonyesha kuwa chumvi ya maji ya juu imeongezeka tangu karibu 2015. Maji ya juu yakiwa na chumvi nyingi huwa mazito, hushuka, na yale ya chini yenye joto hupata njia ya kupanda. Dalili yake moja ni tundu la maji wazi lililofunguka katikati ya barafu ya Bahari ya Weddell mwaka 2016 na tena 2017. Tundu kubwa la namna hiyo lilikuwa halijaonekana tangu miaka ya 1970.

Basi anayesema barafu ya Kusini iliongezeka anasema kweli ya 2014. Ni kama nahodha anayetweka tanga kwa upepo wa jana.

Wanaoishi nayo

Wainuit wa Kanada na Greenland huiita barafu ya bahari siku. Neno ni lile lile tunalohesabia maisha yetu, ingawa lugha hazina udugu wowote, na kwao maana yake ni njia, soko na kiwanja cha kuwinda. Mwindaji wao huisoma barafu kwa rangi, kwa sauti na kwa kuichoma chusa, kama mvuvi wetu anavyousoma mwamba na maji ya bamvua. Ikichelewa kuganda, safari hazifanyiki, na aliyezoea alama za zamani huweza kudidimia mahali alipopita baba yake salama.

Alaska kuna kijiji kiitwacho Shishmaref, kwenye kisiwa chembamba. Tufani za vuli zilipokuja, barafu ya pwani ilikuwa ikizipunguza nguvu kabla hazijafika nchi kavu. Barafu ilipoanza kuchelewa, mawimbi yakaanza kula nyumba. Wanakijiji walipiga kura ya kuhama mwaka 2002, wakapiga tena 2016. Kuhama kijiji kizima ni gharama kubwa. Sisi tunaolindwa na mwamba wa matumbawe wakati wa kusi tuelewe vizuri, kwani kazi ya barafu yao ndiyo kazi ya mwamba wetu.

Viumbe nao wamo. Mwishoni mwa 2022, katika Bahari ya Bellingshausen huko Antaktika, barafu ilivunjika mapema, na makundi 4 kati ya 5 ya pengwini wakubwa kuliko wote yakapoteza vifaranga. Vifaranga walikuwa bado hawajaota manyoya ya kuzuia maji.

Sasa sisi yatuhusu nini?

Kwanza, barafu ya bahari hulinda barafu ya nchi kavu. Kando ya Antaktika kuna majukwaa ya barafu yanayoelea, yaliyoshikana na bara, na kazi yake ni kama kizuizi cha mlango. Jamvi la barafu ya bahari huyakinga na mawimbi. Jukwaa la Larsen B lilivunjika mwaka 2002, eneo linalozidi kaunti ya Mombasa zaidi ya mara kumi, na mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake ikaanza kukimbilia baharini kwa kasi. Hiyo ndiyo inayoongeza bahari. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20, na miaka ya karibuni huongezeka milimita 3 hadi 4 kila mwaka. Ni kidogo kwa macho. Lakini bamvua kubwa likikutana na upepo wa kusi, sentimita 20 ndizo zinazoamua kama maji yataishia kwenye ngazi au yataingia kisimani yakakiharibu kwa chumvi.

Pili, yale maji mazito niliyokwambia uyashikilie. Yakizama kandoni mwa Antaktika hutambaa kwenye sakafu ya bahari kuelekea kaskazini. Sehemu yake huingia Bahari ya Hindi, hupita kwenye mkondo wa kina karibu na visiwa vya Amirante vya Ushelisheli, na kufika bonde la Somali, chini kabisa ya bahari hii tunayoitazama kutoka Lamu. Hubeba hewa safi ya oksijeni kwenye vilindi. Vipimo vya miongo ya karibuni vyaonyesha maji hayo yanapata joto na yanapungua.

Tatu, ni haki. Mwaka 2016 watafiti Dirk Notz na Julienne Stroeve walionyesha kuwa kila tani moja ya hewa ya kaboni dioksidi inayotolewa huondoa kiasi cha mita 3 za mraba za barafu ya Septemba huko Aktiki, kasoro kidogo ya kitanda cha sita kwa sita. Tani moja ni kiasi cha lita 430 za petroli. Tuktuk inayotia lita 5 kwa siku hufika hapo kabla ya miezi mitatu. Lakini kwa jumla yetu, Mkenya mmoja kwa wastani hatoi hata nusu tani kwa mwaka, hali Mmarekani mmoja hutoa karibu tani 15. Kwa hesabu hiyo mmoja huondoa kitanda cha mtoto, mwingine huondoa vitanda vya nyumba nzima na vya jirani. Wajumbe wetu wanapokwenda kwenye mikutano ya tabianchi wakadai fidia, hawaombi sadaka.

Ya kushika

Ukiletewa habari ya barafu, uliza maswali matatu. Ni barafu ya bahari au ya nchi kavu? Ni ya Kaskazini au ya Kusini? Ni ya mwaka mmoja au ya miaka 40? Habari isiyojibu hayo usiisambaze.

Kisha tugeukie vilivyo mikononi mwetu. Mikoko isikatwe kwa mabao na makaa, mwamba usivunjwe, nyumba mpya zisijengwe hadi mchangani kana kwamba bahari imetia saini haitasogea. Palipo na mpango wa ukuta au wa kuhamisha visima, wananchi waulize umehesabu maji yatapanda kiasi gani, na kwa miaka mingapi mbele. Barafu ya ncha hatuwezi kuilinda peke yetu. Lakini kikao cha kijiji kiko mlangoni petu, na hapo hatuna kisingizio cha kunyamaza.